Leso ya Safu ya Saba

Katika ukumbi ule wa muziki wa mtaa wa Mylapore, leso ilikuwa na nguvu kuliko askari. Ukiitandika juu ya kiti, kiti ni chako, hata ukaenda kunywa kahawa, hata ukarudi nyumbani kuzima jiko ulilolisahau. Watu waliokuwa majaji na madaktari huko nje walisimama wima mbele ya kitambaa chenye mafua ya mtu mwingine, wasithubutu kukigusa. Lakini leso nayo ilikuwa na mwisho wake. Ilishika kiti mpaka ngoma inyamaze. Mpiga ngoma akishamaliza kupiga peke yake na mwimbaji akafungua kinywa tena, leso isiyo na mwenyewe ilibaki kitambaa tu, na aliyetaka kukaa alikaa.

Mzee Kothandam aliijua sheria hiyo, ndiyo maana jioni ile aliingia mapema, akatandika leso ya mkewe kwenye kiti cha pembeni yake, safu ya saba, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, kisha akaketi kama mlinzi wa benki. Leso ilikuwa ya pamba nyeupe, ukingo wake umeshonwa uzi wa kijani na Vedavalli mwenyewe. Na Vedavalli alikuwa amekufa tangu mvua kubwa.

Alikufa kwa maji ya mtaro. Diwani wao aliuchimba mtaro mbele ya mlango wao kabla ya uchaguzi, akapigwa picha ameshika sepetu, akauacha wazi. Mvua iliponyesha, maji yale meusi yaliingia jikoni bila hodi, na homa ikayafuata. Diwani akaleta shada la maua. Kothandam hakusoma zaidi ya darasa la nne, na maisha yake yote alichomelea vyuma katika karakana ya mabehewa, lakini hakuhitaji darasa la tano kujua kwamba mkewe hakufa kwa kukosa shada. Alikufa kwa kukosa mfuniko.

Muziki ulikuwa wa Vedavalli. Yeye Kothandam, miaka yote ya ndoa yao, alifuata mkahawa wa uani. Kila mwezi wa Margazhi, jiji zima linapoingiwa na wazimu wa nyimbo, walikuja wote wawili, na mpiga ngoma alipoachiwa uwanja peke yake, Kothandam alinyanyuka na umati mzima kwenda kula. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Mtu anapiga ngoma mpaka jasho linamwagika, na waliokuja kumsikiliza wako uani wanagombania vada, zile bajia nene za dengu zenye tundu katikati. Vedavalli peke yake alikuwa habanduki.

"Mtu anapigia viti vitupu, mwenye nyumba," alikuwa akisema. "Si laana hiyo? Nenda wewe. Niletee moja, usisahau."

Alimwita hivyo, mwenye nyumba, maana kwao mke hamtaji mume kwa jina, ingawa nyumba ilikuwa ya kupanga na mwenye nyumba wa kweli alikuja kila mwezi kuwafokea. Kothandam alimletea vada katika kipande cha jani la mgomba. Vedavalli alizichokoa pilipili mbichi moja moja, akazipanga ukingoni mwa jani kama askari wa gwaride, ndipo akala.

Tatizo lilikuwa mkono wake. Wapenzi wa muziki ule huhesabu mapigo juu ya paja: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza tena. Ukumbi mzima ulishusha kofi pamoja, na Vedavalli alichelewa kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ilikuwa mazoea ya jikoni. Kabla ya kila kofi alijifuta kiganja kwenye goti la sari yake. *Shwa*, halafu *pa*. Waimbaji wageni walionywa wasitazame safu ya saba. Mmoja kutoka Mysore alidharau onyo, akatazama, akapotea katikati ya wimbo, na hadi leo anamlaumu mpiga fidla.

Ni Pakkiri tu, mpiga ngoma wa ukumbi ule, aliyempenda hivyo hivyo. Mara nyingine, viti vikiwa vitupu, alilichelewesha pigo lake kusudi limngoje, na alipomaliza aliunganisha viganja kuelekea safu ya saba.

Sasa Katibu Seshagiri alikuwa akishuka kati ya viti, shati jeupe, tumbo mbele. Katibu huyu hakuwahi kusikiliza wimbo hata mmoja ukaisha. Mikono yake ilijua kazi mbili, kushika simu na kuwavisha wageni rasmi mashali.

"Mzee Kothandam, leso hii ya nani?"

"Ya mwenye kiti."

"Mwenye kiti yuko wapi?"

"Ulinipa pole kwa mdomo wako mwenyewe, Bwana Katibu. Unaniuliza mimi?"

Seshagiri akakohoa. "Viti ni vya wazima, mzee wangu. Mama mkwe wa sonara anakuja leo. Na sonara ndiye aliyetutilia viyoyozi humu."

"Ndivyo vinavyotukohoza."

"Sikufukuzi, wewe kaa. Lakini sheria ya leso unaijua. Ngoma ikinyamaza, namleta mama."

"Akikuta pana mtu?"

Katibu akakitazama kiti, akamtazama mzee, akatabasamu kwa huruma ile ya wakubwa, isiyomgharimu mtu kitu. "Akikuta pana mtu, tutamtafutia kwingine." Akaenda zake.

Pazia likafunguka. Mwimbaji alikuwa Abhirami, binti mwenye sauti safi na uso wa mtu aliyekaririshwa tangu utoto. Alipoanza, mzee mmoja nyuma ya Kothandam alimnong'oneza mkewe jina la mahadhi, "Hii ni Kambhoji."

"Jana pia ulisema Kambhoji."

"Jana ilikuwa Kambhoji."

"Jana ulikuwa mhadhara wa macho."

Watu wakachekea viganjani. Kothandam hakucheka. Alikuwa akitazama leso.

Saa ya ngoma ikafika. Abhirami alimwachia Pakkiri uwanja, na kabla pigo la kwanza halijapoa, ukumbi ulinyanyuka. Sari za hariri zikachakarika, magoti yakalia, leso zikatandazwa safu baada ya safu.

"Mzee, huji?" akauliza yule wa Kambhoji. "Vada zitaisha."

"Nakaa."

"Kufanya nini?"

"Kusikiliza ngoma."

Mtu yule akamgusa paji la uso kuona kama ana homa, kisha akamkimbilia mkewe.

Mlango ukajifunga. Kothandam hakuwahi kuuona ukumbi namna ile. Safu kwa safu za viti vitupu, na juu ya kila kiti leso, nyeupe, za mistari, za maua, zimelala kama nyuso zilizofunikwa. Jukwaani Pakkiri alikuwa amefumba macho, ngoma yake ya pande mbili imelala mbele yake, vidole vinakwenda. Viyoyozi vilivuma. Kothandam alianza kuhesabu juu ya paja, kwa kubabaisha, kama alivyomwona mkewe akifanya.

Kofi lake liliposhuka, makofi mengine yalishuka pamoja nalo.

Akaacha mkono hewani. Labda ni mwangwi. Akangoja. Kofi likashuka tena bila yeye, kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka kule kwenye kona ya giza, laini, makofi mengi ya viganja juu ya mapaja, yote kwa wakati mmoja. Katika safu ya mbele yake leso zilikuwa zimebonyea katikati, ncha zake zimeinuka, kama kitambaa kilichokaliwa.

Basi huku ndiko walikokuwa. Wazima wanakula uani, na wengine wanaingia kusikiliza.

Hakuthubutu kugeuka kushoto, kwenye kiti cha Vedavalli. Akangoja kofi lijalo, na lilipokuja, ukumbi mzima ulishuka *pa*, na baada yake, pembeni mwa bega lake, mahali baridi ya kiyoyozi ilipokuwa imekoma ghafla, akasikia *shwa*. Halafu *pa*.

Hata kuzimu hawakuweza kumfundisha.

Kothandam alitaka kucheka. Machozi yakamtoka huku vinyweleo vya mikono vimesimama. Jukwaani Pakkiri, macho bado yamefumbwa, alilichelewesha pigo lake, kidogo tu, likamngoja aliyechelewa. Wakaenda hivyo, ngoma na mkono, mpaka mwisho. Ndipo Pakkiri akafumbua macho, akaunganisha viganja kuelekea safu ya saba. Kisha akakiona kiti kitupu. Viganja vyake vikabaki vimeshikana, akavisahau hapo kifuani.

Mlango ukafunguka, watu wakarudi na harufu ya kahawa na mvuje, wakazikalia leso zao bila kujua wanamkalia nani. Abhirami akaushika tena wimbo. Na Katibu akaja, amemshika kiwiko kikongwe mwenye vipini vya almasi puani pande zote mbili.

"Mama, kaa hapa."

Kikongwe akainama, akagusa kiti, akanyanyuka upesi. "Hapa pana mtu."

"Hapana mtu, mama. Ni leso tu."

"Kiti kina moto. Mimi sikalii joto la mtu."

"Umeona, Bwana Katibu," akasema Kothandam polepole. "Tulikubaliana."

Seshagiri akaona watu wanatazama. Mkubwa akitazamwa hafikiri tena. "Basi ngoja nikupozee, mama," akasema kwa mzaha, akageuka, akaketi juu ya leso kwa uzito wake wote.

Akakaa hivyo kitambo, anatabasamu kulia na kushoto. Halafu mkono wake wa kulia ukanyanyuka. Ukajifuta kwenye goti la suruali. Ukashuka. *Shwa. Pa.*

Katibu aliutazama mkono wake kama mtu anayemwona mbwa wa jirani ndani ya nyumba yake. Akaukamata kwa mkono wa kushoto. Ukaponyoka. Kidole cha mwisho, cha pete, cha kati. *Shwa. Pa.* Kofi lake lilikuwa zito, likasikika hadi jukwaani, na Abhirami, ambaye hakuna aliyemwonya habari za safu ya saba kwa kuwa aliyekuwa akiwapoteza waimbaji alikwisha kuzikwa, akatazama. Akayumba. Mpiga fidla akamkimbiza, akampita, akarudi kumtafuta. Wimbo ukasambaratika.

"Siku Katibu anaanza kusikiliza muziki," sauti moja ikasema, "ndiyo siku muziki unakufa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini kicheko kilififia safu kwa safu, maana wimbo ulikuwa umekoma, ngoma imekoma, na mkono ule ulikuwa bado unahesabu ndani ya kimya. Jasho lilimshuka Seshagiri hadi kwenye kola. Akamgeukia Kothandam. Macho yalikuwa yake, yanaomba msaada. Sauti ilikuwa yake pia, nzito, ya hotuba.

"Mwenye nyumba," akasema. "Umeniletea?"

Kothandam alitazama viganja vyake viwili. Miaka yote ile hakuwahi kurudi mikono mitupu.

"Leo sikwenda," akanong'ona. "Nilikaa kukushikia kiti."

Mkono ukaacha kuhesabu. Ukalala pajani, kiganja juu, kikingoja.

Mzee akanyanyuka, akapita mbele ya magoti ya watu, na hakuna aliyemlalamikia. Mkahawani mpishi alikuwa anakwangua karai. Ilibaki vada moja iliyovunjika pembeni. Kothandam akaifunga katika jani, akarudi, akaiweka juu ya kiganja kile cha mtu mnene chenye pete tatu. Vidole vikaifumbata. Seshagiri akashusha pumzi, akanyanyuka kama mtu aliyefunguliwa kamba, akaliacha jani juu ya leso, akatoka kwa mlango wa pembeni. Jioni ile hotuba yake haikutolewa. Watu wengi walisema ndilo lililokuwa tamasha zuri kuliko yote.

Tangu hapo hakuna aliyekigusa kiti. Kothandam alikuja kila jioni, akatandika leso, na ngoma ilipoanza alitoka na wazima wenzake kama zamani, bila kutazama nyuma, kwa sababu saa ile ukumbi haukuwa wao. Alirudi na jani, akaliweka kitini.

Siku ya kufunga msimu, mgeni rasmi alikuwa diwani. Seshagiri mwenyewe alimpeleka safu ya kwanza, mbali na ya saba, akamvisha shali. Ngoma ilipoanza, diwani alitandika leso yake ya hariri, akaenda kula na wengine. Waliporudi alikuta leso imelowa, nyeusi, inachuruzika maji kitini, na harufu iliyoinuka ilimfanya kila aliyekuwa karibu azibe pua. Ilikuwa harufu ya mtaro.

"Viyoyozi vinavuja," Katibu akasema haraka. "Ni viyoyozi tu, Mheshimiwa." Na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akiitazama safu ya saba.

Kothandam hakusimama kutazama. Leso ya pembeni yake ilikuwa kavu. Akalichukua jani aliloliweka juu yake, akalifungua polepole. Vada ilikuwa nzima, na alipoimega na kuionja haikuwa na ladha yoyote, kama kutafuna pamba. Ukingoni mwa jani, zimepangwa moja moja kama askari wa gwaride, zilikuwapo pilipili mbichi.