Dirisha la Wasiofikiwa

Kanisa lile lilikuwa na dirisha ambalo usingelikuta kwenye kanisa lingine lolote, na heri iwe hivyo. Lilikuwa ubavuni, karibu na tangi la maji, na lilikuwa na nondo tatu na kibao cha kuegemea viwiko. Juu yake paliandikwa kwa rangi nyeusi: WASIOFIKIWA NA INJILI, ULIZA HAPA. Saa tatu hadi saa sita.

Ndani alikaa mzee wa kanisa ambaye watu walimwita Babu Dirisha. Alikuwa amepeleka barua za watu kwa miaka thelathini na minane, akastaafu, akakaa nyumbani wiki mbili, mkewe akamchoka. Mchungaji akamhurumia, akampa chumba na daftari, aandike majina ya ndugu wa waumini waliokufa kabla injili haijafika kwao, ili wakumbukwe tu. Wee! Umpe mstaafu wa posta chumba na daftari halafu utegemee amani? Mwezi haujaisha, kukawa na foleni, namba, fomu na mihuri miwili. Daftari likapata safu tatu: HAKUSIKIA, ALISIKIA AKAKATAA, na HATUJUI. Wa safu ya pili wako motoni, Babu Dirisha alisema bila kupepesa macho. Wa kwanza wanasubiri maelekezo. Wa tatu walete vielelezo.

"Maelekezo kutoka wapi?" mchungaji aliwahi kumwuliza.

"Kutoka juu," akajibu, na kwa alivyojibu ungedhani wanaandikiana kila Ijumaa.

Mchungaji alikuwa mtu mpole, ugomvi hauwezi. Ukimbana, alisema wapo Wakristo wanaoamini kwamba asiyelisikia jina la Yesu amepotea, ndiyo maana wanahimizana kwenda mbio kuhubiri. Na wapo wanaoamini kwamba Mungu atampima mtu kwa mwanga ule aliokuwa nao. Yeye alichokuwa na hakika nacho ni kwamba Mungu hamdhulumu mtu. Halafu aliangalia saa yake. Jibu hilo halikuwa na muhuri, kwa hiyo watu walirudi kwenye foleni.

Kila Jumanne wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa miaka sabini, na nyuma yake binti yake, karani wa posta, aliyeitwa Muhuri kwa sababu karatasi haikuweza kupita mbele yake salama. Muhuri aliomba ruhusa kazini kila Jumanne, na kila Jumanne moyo ulimuuma vilevile. Mama yake hakuwa analala vizuri. Alikuwa anataka kujua jambo moja tu kabla naye hajafa: mama yake mzazi, Bibi mfinyanzi wa kule kilimani, yuko wapi?

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwinjilisti mmoja alipita kule juu akiwa na homa, Bibi akampa maji, akamlaza siku tatu. Alipopona akamwambia, "Mama, nitakuletea barua yenye habari njema." Akaenda zake, asionekane tena. Tangu siku hiyo Bibi alikaa kizingitini kila alasiri akiingoja barua, mpaka akafa.

"Je, ilifika?" Babu Dirisha aliuliza kila mara, kalamu mkononi.

"Sijui, mzee wangu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa mbali."

"Basi faili lina upungufu. Anayefuata!"

Sasa, wapaka rangi walikuja posta. Walipolisogeza kabati kubwa la chuma, ambalo halikuwa limesogezwa tangu liletwe, nyuma yake wakakuta panya mkavu, miwani moja, na bahasha ya rejista, ile ya kukabidhiwa mwenyewe mkononi. Muhuri aliifuta vumbi kwa kiganja. Jina la Bibi. Kilima cha Bibi. Muhuri wa tarehe wa miaka arobaini iliyopita, mwezi mmoja kabla Bibi hajafa. Na juu yake, kwa wino mwekundu, neno moja: AMEKATAA.

Aliwaza kuitia mfukoni na kunyamaza. Lakini jioni mama yake alimtazama mara moja tu akasema, "Una nini wewe?" na basi, ikatoka yote.

Mama aliishika ile bahasha muda mrefu. "Amekataa?" akasema. "Mama yangu? Aliyekuwa anaingoja?" Akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa siku hiyohiyo, na Muhuri akajilaumu kwa nini hakuiacha na panya wake.

Jumanne walikuwa namba moja. Babu Dirisha alivaa miwani, akasoma lile neno jekundu, akapumua kwa raha ya mtu anayefunga faili sugu.

"Kielelezo kimepatikana," akasema. "Safu ya pili. Pole sana, Mama Muhuri." Akachukua muhuri wake, akaupulizia.

Hapo ndipo macho ya Muhuri yalipotua kwenye ubao mdogo wa mzee, ulioandikwa kwa mkono na kuning'inizwa juu ya nondo: TUMEFUNGA KWA CHAKULA. Ile K ilikuwa na mkia mrefu unaoteleza chini. Akaitazama bahasha. Mkia uleule. Damu ikamchemka.

"Babu, ngoja kwanza," akasema, akapitisha mkono katikati ya nondo na kuukamata ule muhuri. "Huu mwandiko ni wa nani?"

Babu Dirisha aliiinua bahasha karibu na pua. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Ni... wa posta," akasema.

"Posta haina mkono. Ili uandike amekataa, sheria inataka ubishe hodi mara tatu, umwone mwenye barua kwa macho yako, umsikie kwa masikio yako akikataa. Ulimwona?"

"Miaka mingi, binti. Lakini nikiandika, ujue nimeona."

"Mlango wake ulikuwa wa rangi gani?"

Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Mama mmoja mwenye namba saba akamziba mdomo mtoto aliyekuwa analia.

"Wa kijani," akasema Babu Dirisha.

"Mama hakuwa na mlango," akasema mama yake Muhuri, taratibu. "Alikuwa na pazia la gunia."

Babu Dirisha akaiweka bahasha juu ya kibao. "Kile kilima," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo, "ni kirefu mno. Na mvua ilikuwa inanyesha. Na viatu walivyonipa vilikuwa vinabana. Nikasema, mwanamke wa kule juu barua ya nini?"

"Na wengine?" akauliza namba saba. "Uliwaandikia hivyo wangapi?"

Babu Dirisha aliligeukia daftari lake, akaiangalia safu ya pili, ukurasa baada ya ukurasa, akiupapasa kwa kidole. Halafu, ilikuwa saa tatu na robo, akashusha ubao: TUMEFUNGA KWA CHAKULA.

Jumanne iliyofuata dirisha halikufunguliwa. Watu walijipanga hata hivyo, mazoea ni mabaya. Na nani alikuwa wa mwisho kwenye foleni? Babu Dirisha mwenyewe, ndani ya sare ya posta iliyokataa kufunga vifungo vitatu vya tumboni, kofia kichwani, mkoba begani, akingoja zamu yake mbele ya dirisha lisilo na mtu. Muhuri alitaka kucheka na kumtukana kwa wakati mmoja.

"Nimekuja kuchukua barua," mzee akamwambia mama yake Muhuri. "Nina sehemu ya kuifikisha."

Walipanda kilima wanne: mzee, mama, Muhuri, na mchungaji aliyekuwa anamsukuma mzee kwa nyuma huku akisema "jikaze, baba, jikaze." Mzee alikaa kwenye kila jiwe. Kwenye jiwe la tisa alivua viatu, akaendelea pekupeku. Safari ya saa moja iliwachukua karibu nne.

Kule juu nyumba haikuwepo tena. Palibaki mafiga matatu, vigae vya vyungu, na jiwe bapa lililokuwa kizingiti. Babu Dirisha akajinyoosha, akavuta kofia vizuri.

"Hodi!" akaita. Upepo tu.

"Hodi!" Mbuzi wa mtu akageuza shingo, akaendelea na majani yake.

Ya tatu ilimtoka kwa shida. "Hodi, mama."

Muhuri alijikuta anatega sikio, mtu mzima na akili zake. Mzee akasubiri zaidi ya sheria inavyotaka. Kisha akatoa kalamu, akaikata AMEKATAA kwa mstari mmoja, akaweka sahihi pembeni, maana anayerekebisha lazima awe yule aliyeandika.

"Na sababu?" akauliza. "Niandike nini, Mama Muhuri?"

"Kilichotokea."

Akaandika: Alikuwa anangoja. Mpeleka barua hakupanda.

Akaifungua bahasha kwa ruhusa ya mama, akaisoma yote kwa sauti, kurasa kumi na moja, amesimama juani mbele ya kile kizingiti. Alipomaliza, alikaa chini kama gunia, akavua kofia, machozi yakimchirizika hadi kidevuni.

"Nimewaandika watu motoni kwa mkono huu," akasema. "Na mimi je? Mimi nipo safu gani?"

Mchungaji akaangalia saa yake. Muhuri alikuwa na jibu kali tayari, amelitunza wiki nzima. Lakini mama yake alikuwa ameshakaa pale kizingitini, mahali pa Bibi, na alikuwa anafungua chupa ya maji aliyoibeba.

"Umetoka mbali, mzee," akasema, akamnyooshea. "Kunywa maji kwanza."