Taa Mbili za Kurosaki

Baba yangu, Yohachi, aliapa kwamba jioni ile angewasha taa yake kama kawaida. Ukoo wetu ulikuwa umewasha moto katika kijumba cha juu ya mwamba kwa vizazi sita. Sasa serikali mpya ilikuwa imejenga mnara wa mawe ng'ambo ya ghuba ya Kurosaki, na mlinzi wake alikuwa mume wangu, Teizo. Manahodha walishaarifiwa: kuanzia leo, taa ni moja tu. Wakiona mbili wangepotea njia na kupanda mwamba.

Nilipanda mbio hadi kijumbani, viatu vyangu vya majani vikikatika. Meli ya abiria ilikwisha kuonekana.

"Baba, nakuomba, usiwashe."

"Mumeo kakutuma?"

"Hajui hata kama nimekuja."

"Lile dude lake la vioo likigoma je? Wale watu nani atawaokoa?"

"Na zikiwa mbili?"

Akaligeuzageuza jiwe la kuwashia moto mkononi. Mwishowe tukakubaliana tungoje jua lizame lote.

Likazama. Mnara ukabaki mweusi. Meli ikazidi kusogea.

"Mkwe wangu kalala," Baba alisema, lakini mzaha haukumtoka vizuri.

"Washa, Baba," nikasema mimi mwenyewe.

Akapiga jiwe, cheche zikapeperuka na upepo. Nikamnyang'anya jiwe, nikapiga. Utambi ukashika. Meli ikageuza omo kutuelekea.

Hapo hapo mnara ukawaka, mweupe, mkali.

"Zima!" nilipiga kelele.

Baba hakutafuta kifuniko cha kuzimia taa. Aliukandamiza utambi kwa kiganja, akaushikilia hapo, meno ameyauma. Meli ilipiga honi, ikasitasita karibu kabisa na mawimbi yaliyopasuka mwambani, kisha ikageuka polepole kufuata mnara.

Asubuhi Teizo alikuja na kitambaa na dawa. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mafuta yaligoma kupanda kwenye utambi, Baba."

"Baridi hiyo. Ungeyapasha kwanza. Si ungeniuliza?"

"Niliona haya."

"Haya! Na watu baharini!"

Kile kidonda cha kiganjani kilichukua majira yote ya baridi kupona. Baba hakuwasha tena taa yake, wala hakukanyaga mnarani. Ila kila jioni alikaa kizingitini akitazama ng'ambo, na chakula hakukigusa mpaka ule mwanga utokee. Nami nilisimama nyuma yake, nimeshika bakuli la wali, siwezi hata kuliweka chini kabla mnara haujawaka.