Yakuti Ndani ya Debe la Korosho

Enzi za ruksa ya biashara huria zilipofika Newala, kila mwenye miguu miwili aligeuka mfanyabiashara. Hata Lukmani wa Mkunya, ambaye hakuwahi kuuza hata kuku, alimwacha mkewe Rahima akaenda Tunduru kuchimba yakuti. Tajiri wake alikuwa Anwari. Anwari ndiye aliyemlisha huko machimboni, kwa hiyo kila kilichotoka shimoni kilikuwa cha Anwari.

Siku moja tajiri huyo alipita kwa Rahima na jiwe la zambarau, kubwa kama ncha ya kidole gumba.

"Naenda pwani kupatana bei na mnunuzi wangu, na njiani kuna majambazi. Nitunzie mpaka Ijumaa. Likipotea sitakuuliza wewe, Mama Kurwa. Nitamuuliza Lukmani. Yeye yuko chini ya ardhi, na kamba ya kumpandishia ninayo mimi."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Rahima baridi.

Rahima akalizamisha jiwe kwenye debe la korosho ghafi, akaona amewaweza wezi wote wa kusini. Kumbe amemsahau mkwewe! Bi Stamili hakuwa mtu wa kuziangalia korosho zikikaa bure. Rahima aliporudi kutoka kuteka maji bondeni, alikuta uani moshi mweusi, bati la kuchomea korosho limewiva moto, mafuta ya maganda yanawaka, na mkwewe anakoroga kwa mti mrefu.

"Mama, korosho hizo umezitoa wapi?"

"Kwenye debe. Ulitaka zitage?"

Rahima alilipindua bati mchangani, akapekua kwa vidole vitupu. Aliungua, hakujali. Akalipata jiwe, limejaa masizi. Akalikwangua. Zambarau yote ilikuwa imeondoka, limebaki jiwe la waridi, limetakata. Nani angemwamini? Anwari angesema wamembadilishia. Akilini Rahima alimwona mumewe chini kule shimoni anaita, na kamba haishuki.

Ijumaa Anwari akafika. Alilimulika jiwe kwa tochi.

"Hili si langu."

"Ni lako, bosi. Liliungua na korosho."

Anwari akaligeuza, akaona pembeni pengo dogo alilolijua. Akacheka, tena kwa muda mrefu, na Rahima akashusha pumzi akidhani wamepona. Tajiri akaenda kwenye gari lake, akarudi na soksi iliyojaa mawe.

"La waridi lina bei kuliko lile la mwanzo. Nichomee na haya. Mengine ni ya watu, uwe mwangalifu yasipasuke."

"Mimi sijui kuchoma mawe, bosi. Ilitokea tu."

"Basi itokee tena. Lukmani hapandi mpaka umalize."

Bi Stamili akachochea moto. Rahima akamwaga korosho batini, na mawe juu yake. Mafuta yakashika moto. Anwari akavuta kigoda, akaketi kutazama.

Punde kitu kikapasuka ndani ya bati.

"Ni korosho hiyo," alisema Rahima.

Kikapasuka kingine, na Anwari akainuka kigodani.