Mpangaji Mwenye Macho Sita

Mama Nangila alisimama mlangoni pa Wekoye, bomba la kupulizia dawa mgongoni. Nyuma yake alikuwa Phanice wa chumba cha pili, jicho la kushoto limevimba kama andazi.

"Yuko humu, yule buibui wa kutema mate," Phanice alisema. "Jana nilikuja kuomba chumvi, akanitemea!"

Wapangaji wote wa ploti hiyo ya mtaa wa Kipsongo walikuwa wametoka kusikiliza. Mama Nangila, mwenye ploti, hakupenda maneno mengi.

"Toa vitu nipulize. Hutaki, hama. Rudi kwenu Bungoma."

"Sitoi hata kijiko, mama. Na huko Bungoma nitamkuta buibui huyo huyo," Wekoye alijibu.

"Ati siku hizi wewe ni wakili wa buibui?"

"Tangu leo."

Wekoye akamvuta Phanice hadi kwenye kona iliyo juu ya kitanda. Buibui alikuwa mdogo, wa manjano yenye madoadoa meusi, macho sita, miguu kama nyuzi. Mdomoni alibeba kifurushi cha mayai.

"Wiki nzima amebeba watoto mdomoni. Akitaka kutema, lazima awatue kwanza. Na akitema ni gundi ya kunasia nzi, haivuki vidole viwili. Wewe ulisimama mlangoni, bana! Alikutemea na bunduki? Nenda dispensari, usimsingizie mama wa watu."

Watu waliangua kicheko. Mama Nangila hakucheka.

"Uchafu wako ndio unawaleta. Mbona kwangu hawako?"

Neno hilo lilimchoma. Wekoye alikuwa amefagia alfajiri, kama kila siku.

"Uchafu? Jamii yake imeenea dunia nzima, mama! Brazili wako, India wako, China wako, Ulaya wanalala nyumba moja na matajiri. Twende kwako. Nikimkosa, nahama kabla ya saa sita na dawa upulize. Nikimpata, dawa inaanzia kwako."

"Twende! Nyumba yangu imepigwa rangi Disemba."

Sebuleni kwa Mama Nangila waliinua vitambaa vya viti. Hakuna. Wakasogeza kabati. Hakuna.

"Wekoye, kunja godoro!" mtu alipiga kelele dirishani.

Yale mayai sasa yangekufa kwa kiburi cha mdomo wa Wekoye. Lakini kurudi nyuma hakujua. Alinyoosha mkono akaitungua kalenda ya kanisa ukutani.

Nyuma yake alikuwa buibui. Madoadoa yale yale, miguu ile ile.

Mama Nangila aliinama hadi pua ikakaribia ukuta.

"Huyu amekaa hapa tangu lini?"

"Labda kabla yetu sisi wote," Wekoye alijibu, kifua mbele. "Haya, mama. Tuanze?"

Mama Nangila alimnyang'anya kalenda, akaitundika tena polepole, kwa vidole viwili. Kisha akawageukia watu waliojaa sebuleni.

"Tokeni nje nyote. Mnamtisha."