Gololi Iliyobaki Mtutuni

Kaka yangu Munir amejaza bunduki za bandia kwenye gereji yake hapa Richardson, Texas, na gari lake linalala nje linapigwa na mvua ya mawe. Nasema mapema ili ujue ninamzungumzia mtu wa namna gani. Ni mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, ana kazi ya maana ya kompyuta. Lakini kila Jumapili huvaa nguo za madoadoa ya kijeshi akaenda kutambaa kwenye vichaka huko nje ya Mesquite, akirushiana gololi za plastiki na wanaume wenziwe wenye vitambi. Mimi nafanya kazi hospitali, nimefunga vidonda vya risasi za kweli. Mchezo ule unanitia kinyaa na sijawahi kumficha.

Siku ninayoisimulia, nyumba ile ilikuwa na posa. Afnan, binti wa Munir, alikuwa anaposwa na Aiman, kijana wa jamaa zetu wa Unguja wanaokaa Alief, Houston. Mshenga nilikuwa mimi. Nilimpamba kijana wa watu kwa kila sifa: msomi, mpole, hakosi msikitini. Afnan alikutana naye mbele yangu, akampenda, akaniambia kwa mdomo wake. Kilichobaki ni wazee wakae, msichana aulizwe, fatiha isomwe.

Kwetu mwenye kuoa hakai kwenye kikao cha posa yake. Wanazungumza wazee, yeye husubiri kwao. Lakini baba yake, Mzee Aboud, magoti yamemchoka, hawezi kuendesha gari kutoka Houston, kwa hiyo dereva alikuwa Aiman mwenyewe. Sasa tumweke wapi? Huwezi kumwacha mtu ndani ya gari na jua la Texas. Munir akaruka kwa furaha. Akawaomba wazee radhi kidogo, akamshika kijana mkono akampeleka gereji. Hapo ndipo ningepaswa kusema neno, sikusema.

Jikoni Afnan alikuwa ameshachuja juisi ya ukwaju, akataka barafu. Friji la pili liko gereji, kama nyumba nyingi za huku. Nikamfuata, maana baba yake akiwa na bunduki mkononi si mlinzi wa mtu.

Gereji ilinuka mafuta ya mashine na jasho la soksi. Gololi nyeupe zilitapakaa sakafuni, zinasagika chini ya viatu vyangu vya sherehe. Wale wawili hawakutugeukia hata kidogo, walikuwa kwenye mabishano juu ya betri zinazoendesha bunduki zile.

"Ami, betri ikikaa nyuma kwenye kitako, balance yake iko perfect," alisema Aiman.

"Kitako mpaka ufungue skrubu, bwana. Mimi zangu zote nime-rewire. Betri iko mbele, unaivuta tu inatoka."

Munir akachomoa magazini ya bunduki yake kumwonyesha. Lile dude lina kigurudumu chini, unakizungusha kama unatia ufunguo saa ya mezani, na linameza gololi mia kadhaa. Ukilitikisa linalia kama kopo la mahindi. Aiman akakunja pua. Alisema yeye anapenda magazini ndogo, zinazobeba idadi ileile ya bunduki ya kweli, ndiyo realistic. Vijana wanaletwa kwangu na matundu mwilini, na huyu anatafuta ukweli zaidi!

Afnan yeye alicheka. "Mnabishana utafikiri mnachagua mke," akawatania, mfuko wa barafu mkononi.

Aiman akageuka na bunduki ya betri ya kitakoni. Akachomoa magazini kwa madaha, akaiweka mezani ili tuione. "Usiogope, haina kitu," alisema. Akamwelekezea usoni. "Hands up, bibi harusi!"

Afnan akainua mkono huku bado anacheka. Aiman akafyatua.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kidole kikigonga meza. Afnan aliinama, barafu ikamwagika. Nilipomwinua kidevu, damu ilikuwa inashuka shavuni. Gololi ilikuwa imepiga chini ya jicho, karibu mno. Kidogo tu juu zaidi na mtoto wetu angekuwa chongo.

Niliinua macho nimtafute Aiman. Alikuwa anachungulia ndani ya bunduki.

"Lakini mag nimetoa! Ami, si umeniona nimetoa?"

"Ukitoa magazini, moja mbili zinakuwa zimeshaingia mtutuni," alisema Munir. "Unafyatua chini kwanza, halafu unatoa betri."

"Nani atafungua skrubu kila saa?"

"Si ndiyo nilichokuwa nakwambia! Betri ikae mbele!"

Ndugu yangu alisema hivyo uso umemchanua, kama mtu aliyeshinda kesi. Mwanawe damu inamtoka, yeye ameshinda. Niliwaona wote wawili uchafu, Mungu anisamehe. Kwetu mtu akijikwaa kwenye zulia, nyumba nzima humwambia pole, hata mgeni, hata asiyempenda. Nilisubiri neno hilo. Afnan naye alisubiri, nilimwona.

Aiman akamwambia, "Na wewe unge-knock basi. Ningekuwa nimesha-clear bunduki."

Munir akasogea, si kutazama kidonda. "Afnan, mama, paka poda kidogo. Wazee wanangoja."

"Poda juu ya damu?" nikamwuliza.

"Da Khairiya, usilikuze jambo. Watu wametoka Houston. Hana haja ya kusema kitu. Kimya cha mwari ndiyo idhini yake, tusome fatiha, yaishe."

Mtu ambaye Jumapili sala ya adhuhuri inampita akiwa kwenye vichaka, hilo alilikumbuka vizuri sana.

Afnan alinawa uso kwa maji, hakupaka chochote, akabeba sinia ya juisi isiyo na barafu. Nilimfuata roho juu. Alikuwa amempenda kijana yule, na aliyempamba ni mimi. Angenyamaza mbele ya wazee, wangesoma fatiha hapohapo, na maisha yake yangekuwa Alief na mtu yule.

Mzee Aboud alipokea glasi, akamwona. "Nani kakuumiza, mwanangu?"

"Ajali ndogo tu, Mzee," Munir akachekacheka.

"Muulize Aiman," alisema Afnan.

Aiman akaitwa. Akasimama mlangoni, mafuta ya bunduki vidoleni.

"Umempiga wewe?" baba yake akauliza. "Umemwambia pole?"

"Baba, listen, ni design tu. Hii bunduki betri yake iko nyuma, sasa..."

Akaeleza. Kitako, skrubu, magazini, njia anayopita gololi, vyote akavichora hewani kwa mikono. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake, kweli ni msomi. Afnan alimsikiliza mpaka mwisho, macho hayabanduki usoni pake. Alipomaliza, Afnan akangoja tena kidogo, labda neno lile limesahaulika, linakuja. Halikuja.

"Sikubali," akasema.

Alisema kwa sauti, na kwa Kiswahili, yeye ambaye kila siku hutujibu kwa Kiingereza, ili asije mtu akadai alinyamaza.

"Afnan!" Munir akainuka.

Mzee Aboud hakuwa ameonja juisi. Aliirudisha glasi kwenye sinia ikiwa imejaa.

"Pole, mwanangu," alimwambia. Kisha, bila kumtazama mwanawe, "Aiman, kawashe gari."