Neno Alilolieneza Mama

Mama alikuwa ameketi mkekani, gauni langu la harusi mapajani, akikata lebo ya shingoni kwa ncha ya wembe. Alikata uzi mmoja mmoja, asiguse kitambaa. Alipomaliza akapitisha kidole mahali pale, akahisi kipande kigumu cha uzi kimebaki, akainama akaking'oa kwa meno.

Hakuna aliyemwomba.

Nilisimama mlangoni, mkoba wa safari ungali begani. Tangu niliposhuka botini hadi nikafika kwetu Mbwajumali nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia neno moja: usonji. Daktari Kagendo alikuwa amelitamka Mombasa kwa upole, baada ya kunisikiliza na kunipima kwa muda mrefu, nami nikatoka hospitalini nikaketi kwenye ngazi nisijue kama nalia au nacheka.

Shaka ilikuwa imeanza zamani kidogo, chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu. Mhadhiri alieleza dalili za usonji kwa watoto: yule asiyetazama watu usoni, asiyevumilia nguo inayowasha, anayeziba masikio penye kelele. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinisimama. Nilikuwa namwona mtoto mmoja tu, sakafuni kwetu, akipanga makombe ya pwani kuanzia dogo hadi kubwa, na kulia mtu akilisogeza moja.

Kwetu hakuna aliyeita hayo dalili. Binti anayeinamisha macho akisemeshwa ni binti aliyelelewa. "Mtazameni Israa," wanawake walisema, "ana haya kama wasichana wa kale." Wenzangu waligombezwa kwa ajili yangu. Kumbe nilitazama chini kwa sababu macho ya watu yalikuwa kama tochi inayomulikwa usoni. Ngoma za harusi zikianza nikaingia uvunguni mwa kitanda, walisema haya imenizidi.

Na sasa harusi ilikuwa yangu. Jumamosi ningetolewa nje: bibi harusi hupambwa, akaketishwa juu ya jukwaa amefumba macho, asitikisike, wanawake ukumbi mzima wakimtazama kwa ngoma, vigelegele na moshi wa udi. Swafwan, mchumba wangu, nilishamwambia la daktari, naye akalipokea vizuri. Lakini huko wanaume hawaingii. Mwenye kuketi mbele kabisa angekuwa mamake, Bi Hindu, ambaye sauti yake husikika kabla hajapiga hodi. Nikiziba masikio na kulia mbele yake, angesema mwanawe kaozwa mgonjwa.

"Mama, mbona waikata?"

"Itakuwasha."

"Nani kakwambia?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini wali hutiwa chumvi. "Si mimi niliyekuvisha?"

Nikaketi, nikamwambia yote.

"Nyote mlidhani nina haya," nikamaliza.

Mama akacheka mpaka akauweka wembe chini. "Haya, wewe? Umesahau ulivyomwambia Bi Zamzam mbele ya wageni kuwa sambusa zake zanuka mafuta ya taa? Akajifanya hakusikia, ukamrudilia!"

"Zilikuwa zanuka."

"Zilikuwa zanuka! Lakini mwenye haya husema?" Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Sikiza, mwanangu. Haya hukuwa nayo hata chembe. Nilikuona u mtu wa namna yako, nisijue ni namna gani. Watu wakaanza: mbona hampi mtu mkono, mbona mato yake yako chini? Wengine wakataka nikupeleke ukatolewe jini. Nikasema, ana haya tu. Neno hilo hapa haliulizwi, husifiwa. Nikalieneza nyumba kwa nyumba."

Nilikuwa nazikumbuka kanga mpya alizozifua na kuzianika mara nyingi, zikalainika, ndipo akanishonea nguo. Samaki wangu aliyekuwa sahanini peke yake, mchuzi mbali. Na harusi zote zile ambazo tuliondoka mapema, yeye akinitangulia kichochoroni, akiimba kwa sauti ya chini nyimbo alizoziacha huko nyuma. Miaka yote nilidhani mama hapendi ngoma.

"Jumamosi sitaweza," nikasema.

"Najua. Bi Hindu niachie mimi. Lakini nambie: nimpe neno la haya, au nimpe la daktari?"

Haya ingetosha kwa siku moja. Baada ya hapo ningekaa na watu wale maisha, nikijitia haya asubuhi na jioni.

"La daktari."

Mikono yake ikatulia juu ya gauni. "Na akikukataa?"

"Atakuwa amenijua kwanza."

Asubuhi alivaa buibui, akapanda pikipiki hadi Chundwa kwa Bi Hindu. Alirudi adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kasemaje?"

"Kauliza kama kitu hicho chaambukiza. Nikamwambia, kingeambukiza mimi ningekuwa msema kweli kuliko nilivyo."

"Akacheka?"

"Kanitilia chai. Hakusema ndiyo, hakusema la."

Jumamosi Mama hakunipeleka ukumbini. Aliniketisha chumba cha ndani, akakiondoa chetezo cha udi, ngoma akaziagiza zipigwe ua wa jirani. Yeye akasimama mlangoni kama askari, akiwaingiza wanawake wachache wachache. "Tazameni, mtoke," aliwaambia. "Vigelegele mkavipigie nje." Walinung'unika. Nilifumba macho kama ada itakavyo, nikazisikia nyayo zao zikija na kwenda, na moyo wangu ukabaki mahali pake.

Kisha nikaisikia sauti ya Bi Hindu uani, kubwa vilevile, akiamkuana na kila mtu. Ikasogea, na mlio wa dhahabu mikononi mwake ukisogea nayo. Mlangoni vikakoma vyote viwili. Mama hakumwagiza kama wengine. Nilishika pindo la gauni nikangoja.

Nikasikia bangili zikivuliwa, moja baada ya nyingine, polepole, zikifungwa ndani ya leso. Bi Hindu akaingia miguu mitupu. Aliketi karibu nami, wala hakunigusa.