Shingo ya Mama Kola

Wateja wananiita Mama Kola, na jina hilo nimelichuma mwenyewe. Niletee kitambaa chepesi kuliko vyote, wewe nitakushonea unavyotaka, lakini mimi nitavaa kilichofungwa mpaka kooni. Jua liwake lisiwake, kola yangu iko pale pale. Wakiuliza, nasema kifua changu hakipatani na upepo. Wanacheka, na mimi nacheka, kazi inaendelea.

Nina daftari la vipimo ambalo mtaa mzima umo. Najua nani kaongezeka kiuno na anadai kitambaa ndicho kilichosinyaa. Najua nani bega moja limeshuka, nani anavaa pedi za nyonga ili sketi ikae. Siri hizo sizitoi hata kwa viboko. Katika daftari hilo yumo kila mtu isipokuwa mimi, kwa maana mimi sijapimwa na mtu. Nguo zangu nazikata kwa kukisia.

Binti yangu tunamwita Kifungo, kwa sababu akiwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja na tukakaa siku tatu tukikingoja kitoke. Sasa ana miaka ishirini na sita, na anafanya kazi kwenye duka la miwani. Anamvisha mtu fremu, anamsogelea mpaka pumzi zinakutana, anapima umbali kati ya mboni na mboni. Kazi hiyo haina pa kuficha uso, na uso wa mwanangu chunusi ziliuchezea miaka kumi: madoa meusi, na vishimo kwenye mashavu yote mawili. Siku moja mtoto wa mteja alimuuliza, "Dada, ulinyeshewa mvua ya mawe?" Mama wa mtoto alitamani ardhi immeze. Kifungo akacheka, akamaliza kazi yake, na kesho yake akaanza kuvaa barakoa. Aliivaa miezi minane. Ikafika mahali hata nyumbani anakula amenigeuzia mgongo, na nyumbani kwenyewe tuko wawili tu.

Basi Jumamosi moja asubuhi alikuja na fomu kwenye meza yangu ya kukatia. Alikuwa amepata saluni inayotibu makovu kwa kijiroli chenye sindano ndogo ndogo. Kinapitishwa usoni, kinaitoboa ngozi, nayo inajijenga upya. Miadi yake ilikuwa saa kumi. Aliinama pale akisoma maswali kwa sauti, barakoa iko mfukoni, na mimi nikamwona mtoto wangu ana furaha.

"Una kisukari? Hapana. Una mimba?" Akaniangalia. "Hapana, na usinitolee macho. Wewe au ndugu yako wa damu ana makovu yanayovimba na kukua?" Kalamu haikusita hata kidogo. "Hapana."

Nilikuwa napinda suruali ya mteja. Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani, na mdomo wangu haukufunguka. Nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma: nilimsikia mwanangu akiandika uongo ambao mimi ndiye niliyemlea nao, nikanyamaza.

Kwa maana chini ya kola yangu kuna keloidi. Ilianza na chunusi moja kifuani nikiwa msichana, nikaiminya. Kovu lilivimba likavuka mipaka ya kidonda, likawa linawasha. Watu wakanishauri nikakatwe. Nikakatwa, na lililokatwa likarudi na nduguze. Leo limelala pale kama kipande cha tangawizi. Rafiki yangu mmoja aliliona tukibadilisha nguo akasema "Lo!", basi, na ile lo moja ndiyo iliyoshona kola zangu zote. Baba yake Kifungo, Mungu amrehemu, alijua, lakini nilimwapisha. Mtoto mwenyewe alinyonya kando ya kovu hilo, ila mtoto wa ziwa hatoi ushahidi.

Alipoondoka nilijipa sababu. Uso si kifua. Sindano zenyewe fupi. Huenda hakurithi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada. Nikashona, nikashona, na nilipoinyanyua ile suruali niione, nilikuwa nimeiziba miguu yote miwili kama gunia. Hapo nikasimama. Nilitoka na futikamba shingoni, mlango sijafunga, nikakata mtaa mbio kwa umri huu na magoti haya.

Saluni nilikuta wameshampaka dawa ya ganzi na kumfunika uso kwa nailoni. Mwenye saluni, mwanamke wa makamo mwenye glavu, alikuwa ameshashika kile kijiroli.

"Mama? Kuna nini?"

"Shuka kwenye kiti."

"Mama, tafadhali usianze."

"Nimesema shuka!"

Sauti yangu inaweza kuita mtu ng'ambo ya barabara, na siku hiyo niliitumia yote. Dada aliyekuwa akisukwa pembeni aligeuka na kichwa chake kilichosukwa nusu. Nikafungua kifungo cha juu. Halafu cha pili, halafu cha tatu.

Hakuna aliyesema lo. Mwenye saluni alisogea, akaangalia kwa makini, akaweka kijiroli mezani na kuvua glavu. "Ahsante, mama," akasema. "Huyu simgusi. Ngozi ya aina hii naweza kuianzishia jambo nisiloweza kulimaliza. Mpeleke kwa daktari wa ngozi." Namshukuru mpaka leo, maana angeweza kunifukuza na kuendelea na biashara yake.

Kifungo hakunishukuru. Alitembea hatua kumi mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani, ambako ndiko ninakoshonea, akasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja.

"Miaka ishirini na sita, Mama. Ulikuwa unaniona nikiziminya chunusi hapa hapa, kwenye kioo hiki, na ulichosema ni nisikichafue."

Nikalia. Hakunibembeleza, na sikustahili. Siku nne hakunisemesha zaidi ya kuuliza chumvi iko wapi.

Hata hivyo siku ya tano alinisubiri mlangoni, tukaenda pamoja kwa daktari wa ngozi. Daktari alikuwa binti wa rika lake, amevaa raba, na alitukagua wote wawili bila haraka. Alianza na chunusi zilizokuwa bado hai. "Ukuta unaovuja haupakwi rangi," akasema. "Tuzizime kwanza." Akampa krimu ya kupaka anapolala na losheni ya kukinga jua kila asubuhi, ili madoa yafifie. Akamkataza kuminya, kusugua ndimu, na kununua mikorogo ya kuchubua. Akaeleza kwamba keloidi hupenda kifua, mabega, masikio, shingo na taya, na katikati ya uso ni nadra, lakini nadra si sawa na kamwe. Kwa hiyo hakuna kukata wala kuunguza ngozi kwa kina. Na kabla sindano yoyote haijagusa mashavu, atajaribu sehemu ndogo kama ukucha shingoni, chini ya taya, kisha wangoje miezi mitatu au zaidi.

"Mitatu!" Kifungo akaruka. "Daktari, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka. Tushindane methali au nikutibu?"

Tulicheka wote watatu, na ilikuwa mara ya kwanza mimi na mwanangu kucheka pamoja tangu Jumamosi ile. Kisha daktari akanigeukia. "Na wewe mama, lako linawasha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema linawasha sana, hasa wakati wa joto, na nikashangaa jinsi nilivyolisema kwa urahisi. Akaniambia kuna sindano ya kuchomwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki kadhaa. Halitaisha lote, lakini litalainika na kulala. Tukawa tunakwenda kliniki pamoja, mwanangu na uso wake, mimi na tangawizi yangu.

Madoa yalififia polepole. Barakoa ikahamia msumarini nyuma ya mlango, ikapata vumbi. Nikaanza kusahau kuogopa. Mwezi wa nne tangu lile jaribio la shingoni Kifungo aliniita, akanyanyua kidevu. Pale palipojaribiwa palikuwa pamenyanyuka kiuvimbe kigumu kinachong'aa, ukubwa wa punje ya dengu.

Daktari alikiangalia, akasema ni vizuri kimeonekana mapema. Akakichoma dawa siku hiyo hiyo. Lakini kijiroli cha sindano mashavuni, hapana. Wataendelea na krimu na dawa nyepesi za kung'arisha, kwa uangalifu, na vishimo vingine vitabaki. Kifungo aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa naangalia mashavu yake, nikiweka kwa mawazo punje moja ya dengu juu ya kila kishimo.

Mchana ule tuliporudi alisimama tena mbele ya kioo. Aligusa kile kiuvimbe, akavuta ukosi wa blauzi juu, ukashuka, akauvuta tena.

"Mama, nishonee blauzi za kazini. Za kola ndefu. Kama zako."

Kwa miaka yote ya kazi yangu sijamkatalia mtu mshono. Hata watu walioomba mambo ya aibu niliwashonea.

"Hiyo sishoni," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hiyo kola ilibakiza dakika chache tu ikuharibu uso. Nimeivaa peke yangu, inatosha. Sitakuvisha na wewe."

Nikavua futikamba shingoni nikampa. "Nipime. Nataka blauzi ya shingo ya duara. Ya wazi."

Alidhani natania. Nikafungua vifungo, nikasimama wima kama ninavyowaambia wateja wasimame. Mtoto huyu kazi yake ni kupima watu kwa karibu, na alinipima vizuri, bega kwa bega, kisha kutoka kooni kushuka kifuani. Futikamba ikapita juu ya kovu.

"Bado linawasha?"

"Kidogo."

"Changu pia," akasema, akaacha mkono wake pale.

Halafu akavuta daftari, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika "Mama" juu yake, na chini yake namba zangu zote.